Mapera Mazuri Mno Kuwa ya Kale

Nimeshuhudia watu wazima, wenye akili zao na magari yao, wakipanga foleni kununua mapera niliyoyapiga teke mwenyewe asubuhi ileile.

Teke la mguu wa kushoto. Wa kulia una goti bovu.

Cheka, lakini ngoja kwanza.

Nimetembea sana. Nimepakua mizigo, nimechoma matofali, nimeuza miwani ya kusomea kwa watu wasiojua kusoma. Ila vituko nilivyovikuta kwenye soko la Jumamosi la matunda ya kale, we acha tu.

Ilikuwa hivi.

Nilichoka kutangatanga, nikarudi kwa mdogo wangu wa kike. Nikamkuta na mumewe hawaelewani, na ugomvi wenyewe ni mti.

Mpera mmoja, nyuma ya nyumba. Aliupanda mama yetu kabla sijaota meno. Mapera yake ni ya mviringo, ya njano, ngozi laini kama imepigwa pasi, ndani mekundu. Ukilikata moja sebuleni, aliye chumbani anauliza kuna nini huko.

Shemeji yangu ni mwashi. Yeye akitazama uwanja haoni uwanja, anaona vyumba vya kupangisha.

"Mti mmoja unakalia nafasi ya vyumba viwili," akasema wakati tunakula.

"Na wewe unakalia nafasi ya watu wawili kwenye kochi," mdogo wangu akamjibu. "Mbona hatujakukata?"

Mwisho wakafikia makubaliano. Kuna soko la Jumamosi, linauza matunda ya mbegu za zamani tu, zile ambazo mashamba makubwa yalishazitupa. Mdogo wangu akipata meza ya kudumu pale, mti unabaki. Akikosa, unaangushwa kabla ya mvua.

Nikajitolea kumbebea makreti. Ndivyo nilivyoingia kwenye mambo haya.

Soko lenyewe liko kwenye uwanja wa kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Kila tunda lina jina refu na historia ya mateso. Wauzaji wanavaa kofia za majani. Wakiingia kwenye gari kurudi nyumbani wanazitupa kiti cha nyuma.

Linaendeshwa na kamati. Mwenyekiti ni daktari wa meno. Yaani mtu anayeishi kwa meno mabovu ya wenzake ndiye anayetuchagulia vya kutafuna.

Jumamosi ya kwanza hatukuuza hata pera moja.

Mama mmoja wa kamati, mwenye kikapu mkononi na shanga za mbao shingoni, alilichukua moja, akaligeuza, akalirudisha kwa ncha za vidole kama kashika panya.

"Haya ni ya supermaketi."

"Ni ya mama yetu," mdogo wangu akasema.

"Dada, ya kale hayawi hivi. Ya kale yana maisha."

Akahamia meza ya jirani. Pale palikuwa na jamaa tuliyemwita Profesa, kwa sababu ya miwani na maneno mengi. Anauza peasi. Foleni yake ilizunguka nguzo.

Watu walipopungua nikamfuata. "Bwana mdogo, siri nini?"

Akaniangalia kwa huruma.

"Mzee, mapera yenu yamelelewa vizuri mno. Wateja wa hapa wanataka tunda lililoteseka. Wao hawajawahi kuteseka, ndiyo maana wanakuja kununua."

Peasi zake huzinunua soko la jumla, kama watu wote. Anazitia kwenye gunia lenye kokoto, anatikisa, kisha anazipaka chai iliyolala. Mwenye ndimu yeye anazikalia. Mwenye makomamanga ana paka wa kuyaparura.

"Soko zima?"

"Soko zima. Usipoharibu, wanakuona tapeli."

Basi bwana, Jumamosi iliyofuata nikayamwaga mapera uwanjani, nikaanza kucheza mpira peke yangu. Mdogo wangu alifunika uso kwa mikono.

"Kaka, mama angekuona."

"Mama angetaka mti wake usimame. Lete majivu."

Tukayapaka majivu na chai. Jina nikalitoa kichwani palepale: Chozi la Mjane.

Saa ya kufungua soko tu, watu hao.

Yule mama wa kikapu akanusa pera akiwa amefumba macho. "Unausikia huo udongo wa zamani?"

Ni majivu ya jiko letu. Juzi tulikaangia mayai.

Daktari wa meno naye akaja, akatafuna taratibu, akatangaza kwamba hilo ndilo pera alilolitafuta maisha yake yote. Meza ya kudumu tutapata. Kilichobaki ni kamati kuja Jumanne kuuona mti wenyewe.

Mdogo wangu akanifinya mkono.

Mti wenyewe. Umejaa mapera laini, ya njano, yanang'aa kama taa. Na tunda likiwa juu ya tawi huwezi kulipiga teke.

Nikakuna kichwa mpaka Jumatatu, ndipo nikakumbuka mpera wa jirani.

Jirani ni mama fundi cherehani, na kati ya uwanja wake na wetu hakuna ukuta. Karibu na mtaro wa maji ya kufulia uliota mpera wenyewe tu, kutokana na mbegu tulizotema utotoni tukila mapera ya mama. Haukupata malezi. Umepinda, una magamba, matunda yake yana madoa meusi kama tetekuwanga. Fundi anautumia kuanikia matambara.

"Waonyesheni," akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mimi hata kuukata naona uvivu."

Jumanne wakaja, watu watatu wa kamati. Nikawapeleka moja kwa moja kwenye kile kigonjwa.

Wakanyata kama wameingia mahali pa ibada. Daktari akaupapasa. Mama wa kikapu akatoa leso.

"Tazama alivyopinda," akasema. "Amebeba karne nzima."

"Amebeba matambara yangu," fundi cherehani akasema kutoka dirishani.

Mambo yalikuwa yananyooka. Ndipo daktari akageuka, akauona mpera wa mama.

"Na ule?"

Mimi na mdomo wangu.

"Ah, ule ni wa kisasa tu. Mbegu za dukani."

Mdogo wangu aliniangalia jicho ambalo sijalisahau.

Daktari akakunja uso. "Basi uondoke. Chavua yake ikipeperuka itauharibu huu wa kale. Kamati haiwezi kutoa meza wakati mti wa maabara umesimama karibu namna hii."

"Ule ndio mama wa huu," mdogo wangu akasema.

Daktari akatabasamu, tabasamu lile la kabla ya sindano. "Dada, naelewa umeuzoea."

Mdogo wangu hakubishana. Alikwenda akachuma pera moja, akampa. "Onja."

Akala. Maji yakamtiririka kidevuni. Akachuma la pili mwenyewe, hakuombwa. La tatu akalitia mfukoni.

"Tamu kupita kiasi," akasema akijifuta. "Ndipo unapowajulia hawa wa maabara. Asili haina utamu huu."

Kisha akamgeukia shemeji yangu, aliyekuwa ameegemea mlango.

"Bwana, una shoka?"

Hapo nikaona kazi imekwisha. Huyu mtu amelisubiri swali hilo tangu aoe.

Shemeji akaingia ndani, akatoka na shoka. Mdogo wangu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Shemeji akausogelea mpera, akautazama toka chini hadi juu, akageuka.

"Nani kaniuliza kama nina shoka?"

"Mimi," daktari akasema.

"Mimi nikija kwako nakwambia ung'oe mlango?"

"Bwana, hili ni suala la kitaalamu..."

"Sikiliza, daktari. Mti huu umenitobolea paa. Umenizibia mfereji. Nimegombana nao mimi, mwaka hadi mwaka, wewe hukuwepo. Wa kuukata ni mimi, siku nitakayoamka na hasira zangu mwenyewe. Sikatishwi mti na mtu ambaye amekuja kuutukana huku anautafuna."

Akanyoosha mkono.

"Na hilo la mfukoni lirudishe."

Likarudi. Kamati ikaondoka.

Meza ya kudumu alipewa fundi cherehani, maana mti uliokubaliwa ni wake; ile chavua hakuna aliyeikumbuka tena. Akafurahi, akaanza kuulea: mbolea, maji safi, matambara akayaanika kwingine. Msimu uliofuata ukazaa mapera ya mviringo, ya njano, laini kama yamepigwa pasi.

Kamati ikamnyang'anya meza. Walisema ameubadilisha mti.

Mdogo wangu sasa anauzia mlangoni, kwa watu wanaokula pera kwa sababu wanapenda mapera. Hatajiriki, lakini jioni kreti huwa tupu.

Na shemeji? Bado anapima vyumba kwa macho. Tukimwona ameanza kuutazama mti kwa namna ile, mdogo wangu ananikonyeza, nami naenda kuketi karibu naye.

"Shemeji, watu wanasema ungeukata tu."

"Watu gani?"

Anakwenda kuumwagilia maji.

Somo langu ni dogo. Kitu chako kizuri usikikane mbele ya wageni ili upate kibali chao. Watakuamini, kisha watakuagiza ukitupe. Na kama umeshakikana, kama nilivyofanya mimi, basi omba uwe na shemeji mbishi.