Anab na Mbuzi Wasiotembea

Watu wa Eldas walisema Anab amerukwa na akili, na tusiwalaumu sana. Mke wa Bulle, mwenye mbuzi themanini, kafunga watano uani anawaokotea maganda ya mgunga kama mjakazi wao! Hata majirani walipita makusudi wapate kucheka.

Lakini Anab alikuwa na swali lililomkera tangu ukame uliopita, ule uliomwacha binti yake Ruweyda mifupa mitupu. Mbona mbuzi themanini walishindwa kulisha mtoto mmoja? Basi akaanza kupima. Kila asubuhi alikamua watano wa uani kwenye kopo moja, na watano waliokwenda malisho kwenye kopo jingine. Siku ya kumi wa uani walijaza kopo, wale watembezi hawakufika nusu. Akawabadilisha, waliokaa watembee na waliotembea wakae, asije akajidanganya mwenyewe. Jibu likawa lile lile.

"Baba Ruweyda, tuuze nusu mapema," alimwambia mumewe. "Wachache walioshiba watatutosha."

Bulle alicheka hadi akakohoa. "Nikifika kisimani na vimbuzi vya kuhesabu kwa vidole, nani atanipisha? Nani ataniita wazee wakikaa? Wallahi, usinivue nguo mbele ya watu."

Mvua ikakataa. Bulle akaswaga kundi lote kuelekea Diff kutafuta malisho, na wale watano wa uani humo humo. Anab alimlilia njiani mpaka akamwachia wawili, tena kwa shingo upande.

Miezi mitatu Ruweyda aliishi kwa maziwa ya hao wawili, nayo yalipungua kadiri maganda yalivyokwisha. Kisha Bulle akarudi peke yake, fimbo mkononi. Sabini na wanane wote walikuwa wamekufa njiani, wa mwisho kabla hata hajaiona Diff.

Kwa desturi yao, atokaye safari hupokewa kwa maziwa kabla ya yeyote nyumbani. Bulle aliketi, akanyoosha mkono bila kufikiri, kama alivyofanya baba yake. Siku hiyo bakuli lilikuwa moja, tena nusu. Anab akampita, akainama, akalipeleka mdomoni mwa mtoto.

Alikuwa ameomba sana Bulle ajue kosa lake. Sasa alitamani mjinga angekuwa yeye mwenyewe. Mkono wa mumewe ulikaa vile vile umenyooshwa, na mtoto alikuwa bado anakunywa.