Doa la Dobi Tibeio

Siku ya mkutano wa raia hapa Athene, askari huburuta kamba iliyochovywa rangi nyekundu katikati ya soko, wawaswage wanaume wetu wanaopenda umbea kuliko kura. Anayepakwa hutozwa faini, kisha humpelekea dobi Tibeio joho lake huku akinuna. Tibeio alihamia hapa kutoka Frigia akiwa kijana. Mpaka leo kura hana. Kamba ikifika, askari humwambia, "Pisha mzee, haya hayakuhusu."

Jana nilimkuta na mchirizi mwekundu begani.

"Makubwa! Nawe wamekupaka?"

"Niliisogelea kamba mwenyewe, dada."

"Dobi mzima unatembea na doa! Hebu lete nikufulie."

Akalifunika bega kwa kiganja.

"Ya kwao nafua. Hili halifuliwi."