Kumshikia Fabrice Nafasi Yake

Atukuzwe Mungu, anayetupa pumzi ya leo bila kutuuliza ya jana tuliifanyia nini. Atukuzwe kwa ajili ya waliovuka miaka hii ya korona, na kwa ajili ya wale aliowaita kwake tukawalilia kwenye kioo cha simu. Mimi ninayeandika haya ni mzee wa kanisa hapa Guildford, magharibi ya Sydney, na kwetu ni Goma. Nakuambia mapema, mwanangu, usije ukashtuka mbele ya safari: mzee huyu wa kanisa anapenda mbio za pikipiki.

Ngoja nikueleze mchezo wenyewe, maana wengi wenu hamuujui. Ni pikipiki yenye kigari kidogo ubavuni, inazunguka uwanja wa udongo, na haina breki. Watu ni wawili. Mmoja anashika usukani. Mwenzake hana kiti, ana vishikio tu. Penye kona anajitupa nje mpaka bega linakaribia kulamba udongo, na penye njia nyoofu anarudi kulilalia gurudumu la nyuma lisiteleze. Akichelewa kidogo, wote wawili wako ukutani. Jirani yangu Keith, mzee wa hapahapa, ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Aliponiambia hazina breki nilicheka, nikamjibu kwamba ujana wangu nimeumaliza juu ya chombo cha namna hiyo. Hakunielewa mpaka nilipomwonyesha picha ya chukudu, kile chombo chetu cha mbao cha kubebea mizigo.

Basi, mpwa wangu Jeremie ni dereva wa pikipiki hizo. Siku za kazi anapanga mizigo ghalani. Mwenzake wa kigari ni Fabrice, kijana wa Bukavu ambaye kazi yake ni kutunza wazee. Walianza pamoja, wakaanguka pamoja, na kabla uwanja haujafungwa walikuwa wameingia kwenye timu ya magharibi, ile tunayoishangilia mimi na Keith. Keith ana kofia ya timu. Mimi nina sauti.

Lokdauni ilipotufungia, sisi mashabiki tuliujenga msimu ujao kwa mdomo. Keith upande wake wa uzio, mimi wangu, tukiunda timu asubuhi na kuivunja jioni. Nilitumaini mipaka ya majimbo ingefunguliwa na wale wa Queensland waje tena, kwa kuwa kumshinda asiyekuja si kushinda. Nilitumaini pia kwamba ile kanuni ya kuziwekea timu ukomo ingebaki, yaani ukijumlisha nguvu za wachezaji wote wa timu moja zisipite kiasi fulani, ili klabu yenye mfuko mnene isikusanye mabingwa wote, kama mtu anayechota nyama na kuwaachia wenzake mchuzi. Keith alitaka kanuni hiyo ifutwe. Tuligombana kwa raha sana. Siku nyingine mke wangu alitoka kuangalia kama tunapigana.

Kisha Fabrice akaugua. Korona aliipata huko huko kazini. Akalazwa hospitali ya Westmead, akawekewa mashine ya hewa, na sisi kanisa zima tukasali kwenye simu, kila mmoja jikoni kwake. Mungu akamrudisha. Lakini alirudi na pumzi fupi: ngazi za nyumba yake mwenyewe alizipanda akipumzika katikati. Daktari akamwambia mambo ya pikipiki yasubiri, na hakusema mpaka lini.

Nakumbuka Jumamosi moja ya siku hizo, mchana, jua la baridi limekaa juu ya uzio. Mimi niko kwenye kiti barazani, Jeremie akaja akasimama nje ya geti, barakoa usoni. Pembeni yake alikuwepo binti mmoja mrefu. Walikuwa wanatembea kwa mazoezi, maana kutembea watu wawili kulikuwa na ruhusa.

"Jambo, Mjomba. Huyu ni Wanjiru, ni Mkenya, anasomea unesi. Aliwahi kupanda kigari na timu nyingine. Ana nguvu, Mjomba. Nguvu kweli."

"Wacha kuniuza kama ng'ombe," Wanjiru akamwambia. "Habari yako, mzee."

Jeremie akanieleza. Klabu ilitaka majina ya msimu mpya. Kwa kanuni yao, dereva anamtaja mwenzake mmoja, na akishamtaja, huyo ndiye mpaka msimu uishe. Akimtaja Fabrice, na Fabrice hawezi kupanda, wote wawili wanatoka kwenye timu. Akimtaja Wanjiru, Jeremie anabaki, na Fabrice amekwenda.

"Na Fabrice mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

Jeremie akatazama viatu vyake.

Wanjiru akamgeukia. "Ai! Si uliniambia mmeongea?"

"Niliandika meseji."

"Ukatuma?"

Jeremie akaivuta barakoa yake juu.

"Woi! Mwanaume mzima! Kona bila breki huogopi, simu ndiyo unaogopa?"

Sikufichi, mwanangu. Mimi ni shabiki kabla ya kuwa mshauri. Nilipoyatazama mabega ya yule binti niliona kona ya kwanza ya msimu tumeshaipata, na neno "mtaje" lilikuwa limefika mdomoni. Halikutoka, kwa sababu mahali alipolala Fabrice nami niliwahi kulala.

Nilipokuwa na umri wenu, Goma, nilikuwa mtu wa chukudu. Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala injini. Kinabeba mzigo ambao punda angeukataa. Tulipakia kabichi na viazi kule juu Kibumba, tukateremka navyo mpaka sokoni. Mzigo ukiwa mzito mnakwenda wawili: wa mbele anashika usukani, wa nyuma anasukuma penye mlima, na penye mteremko anakanyaga kipande cha tairi kuukata mwendo. Mimi nilikuwa wa nyuma. Wa mbele alikuwa Kambale, rafiki yangu tangu utoto. Nilijua kwa kuangalia shingo yake tu kama anataka kupinda au kunyoosha.

Ikanishika malaria. Nikalala siku hata sizijui. Kabichi hazikungoja, na Kambale akampata kijana mwingine mwenye kifua kipana, wakapakia, wakaondoka. Mimi sikuambiwa. Nilisikia kwa watoto waliokuwa wakicheza nje ya dirisha, na nikageuza uso ukutani. Homa ilikuwa nzito, lakini neno lile lilikuwa zito kuliko homa.

Sasa, penye kichwa cha mteremko alikaa mzee mmoja, Mzee Ndoole, aliyepaka mafuta magurudumu ya watu. Hakuwa mkubwa wa chama chochote, ila hakuna aliyempita bila kusimama. Aliwaona wale wawili, akaweka fimbo yake mbele ya gurudumu.

"Mtu wa nyuma wa chukudu hii ni nani?"

"Ni huyu, Mzee," Kambale akajibu.

"Huyu namwona. Nauliza mwenyewe."

"Mwenyewe anaumwa, Mzee, na kabichi zinaoza."

"Mmepita mlango wa mgonjwa?"

Hawakuwa wamepita. Kwetu sisi watu wa chukudu ilikuwa desturi: mwenzako akiugua, atakayesimama mahali pake anakwenda kwanza nyumbani kwa mgonjwa, anasimama mlangoni, anamwambia kwa mdomo wake, "Nimekuja kukushikia, sikuja kukuondoa." Mgonjwa akikubali, kazi inaendelea. Nafasi ni yake mpaka yeye mwenyewe aseme ameiacha. Kambale aliijua desturi hiyo kama nilivyoijua mimi. Aliiruka kwa aibu tu, maana si rahisi kumwambia rafiki uso kwa uso kwamba mzigo umeondoka bila yeye.

Mzee Ndoole akawarudisha. "Kabichi nitakaa nazo mimi," akasema. "Zikioza mtakula mlichofanya."

Wakaja, jasho linawatoka, yule mgeni mbele na Kambale nyuma yake akitazama chini. Yule kijana alisema maneno yake polepole, kama anayesoma ubao. Mwanangu, homa haikushuka kwa maneno yale. Ilishuka kwa kwinini. Lakini niliugeuza uso wangu kutoka ukutani, nikamwambia yule kijana penye mawe meusi akanyage mapema. Nilipopona nikarudi mahali pangu, na yeye akapata chukudu nyingine.

Haya yote niliwasimulia wale wawili pale getini. Kisha nikamwuliza mpwa wangu, "Jeremie, umepita mlango wa mgonjwa?"

"Mjomba, nitapitaje? Fabrice yuko Blacktown, na sisi haturuhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani. Polisi wako kila kona."

"Na simu nayo imewekewa kilomita tano?"

Wanjiru akacheka mpaka akashika geti. Jeremie akatoa simu.

Fabrice alitokea kwenye kioo amejifunika blanketi, uso umekonda. Jeremie alianza na hali ya hewa, akaenda kwenye chakula, akarudi kwenye hali ya hewa. Wanjiru akachoka kungoja, akachungulia kwenye kioo.

"Fabrice, mimi ni Wanjiru. Nataka kukushikia tu mpaka upone. Kiti ni chako."

"Pale hakuna kiti, dada," Fabrice akasema. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na sote tukangoja kiishe. Kisha akasema, "Nilijua lazima apatikane mtu. Nilikuwa nangoja tu kuona nani ataniambia. Kila asubuhi naangalia simu, nasema ni leo. Bon. Panda. Lakini huyo Jeremie anawahi kuvuta kushoto kona ya tatu. Usimwamini."

"Si kweli!" Jeremie akasema, machozi yanamtoka.

"Ni kweli," mimi nikasema, maana nimeiona mara nyingi.

Watu watatu walikuwa wamepatana, lakini kanuni ya klabu haikumjua wa tatu. Ilimjua dereva na mwenzake, basi. Kwa bahati njema klabu ilikuwa imewaita wanachama na mashabiki kwenye mkutano wa kompyuta, kila mmoja atoe maoni yake juu ya msimu ujao. Kwa mara ya kwanza mimi na Keith tulitaka kitu kimoja. Keith aliomba nafasi ya kusema kwa niaba yetu: dereva aruhusiwe kumtaja mwenzake aliye mgonjwa, pamoja na mtu wa kumshikia, na nafasi ibaki ya mgonjwa.

Wengine walikataa, na sababu yao haikuwa ya kijinga. Walisema klabu zenye hila zitawaita mabingwa "washikiaji" na kuupita ukomo wa timu kwa mlango wa nyuma. Keith akajibu kwamba nguvu za mshikiaji zihesabiwe kama za mchezaji yeyote, na daktari athibitishe ugonjwa. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikawaeleza habari za Goma kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Sijui walielewa kiasi gani kuhusu kabichi. Ila mzee mmoja aliyepata kuvunjika mguu kwa mchezo huo akafuta miwani yake.

Hoja yetu ikapita. Na ukomo wa timu ukabaki pia, kama nilivyotumaini. Keith alisikitika. Siku ile sikumcheka. Nilimcheka kesho yake.

Mwanangu, baada ya dhiki faraja. Milango ya mji ilipofunguliwa tulikwenda uwanjani, tumekaa mbalimbali, barakoa zetu zikijaa vumbi. Jeremie na Wanjiru walikuwa wa tatu kati ya pikipiki nne, na kona ya tatu nusura watupwe nje. Fabrice alikuja akitembea polepole, akasimama kwenye waya. Mbio zilipoisha alimwita Wanjiru, akamwonyesha kwa mikono jinsi ya kuteremsha nyonga kabla ya bega, na yule binti akawa anarudia pale pale kwenye vumbi, "Hivi? Ama hivi?" Jeremie akajitetea, wote wawili wakamzomea. Nilikaa nikawatazama. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa sababu Keith alikuwa anapiga kelele. Kama Fabrice atapanda tena msimu huu, au ujao, au asipande kabisa, sijui. Atasema mwenyewe.

Basi nasaha yangu ni hii. Sikuambii kazi isimame kwa sababu mtu mmoja ameugua. Mzigo lazima ufike sokoni, na timu lazima iwe na watu wazima wa mwili. Lakini wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwako unaonekana mwepesi, yeye ndiye ajuaye uzito wake. Kabla hujamweka mtu mahali pa mwenzako, mwendee mwenyewe aliyelala, umwambie kwa mdomo wako. Usimwachie asikie dirishani. Aibu ya kusema hupita siku hiyo hiyo, na aibu ya kukwepa hukaa kati yenu kama jiwe kiatuni. Wewe unayealikwa kusimama mahali pa mwingine, uliza ni pa nani. Na siku moja mkipewa kutunga kanuni, za mchezo, za kanisa au za nyumba zenu, acheni ndani yake mahali pa mgonjwa, kwa kuwa hakuna ajuaye ni nani atakayepahitaji. Na ukiwa wewe ndiye uliyelala, usimchukie anayekushikia. Mwonyeshe njia.

Mungu akupe watu wa kukuambia ukweli kwa upole, nawe akupe upole wa kuwaambia. Awainue wagonjwa wako, awafariji uliowazika kwa mbali. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, nyumba yako isikose kamwe mwenye afya wa kumuuguza asiye nayo. Amina.