Dereva, Nesi na Tope la Ndani ya Dramu

Shangazi yangu aliendesha gari la zahanati miaka ishirini na miwili. Watu wote walimwita Dereva, hata mume wake, ambaye alipenda kulalamika huku akicheka kwamba anashindana na mwanamume mwenye magurudumu manne.

Barabara zilikuwa za udongo mfinyanzi. Mvua zikianza, gari lilirudi kutoka kwenye chanjo limepakwa tope hadi madirishani. Hilo la nje halikumsumbua shangazi. Alihofia lile la ndani ya breki. Breki za dramu, alikuwa akituambia, ni kama sufuria iliyofunikwa: ndani mna vipande viwili vilivyopinda, mafundi huviita viatu, na ukikanyaga pedali vinatanuka na kuibana dramu. Tope likishaingia humo halitoki lenyewe. Likikauka linakwaruza chuma, na breki hazishiki.

Hilo alijifunza kwa machungu. Mwaka wake wa tatu kazini, yeye na nesi wa zahanati walirudi jioni moja wamechoka hoi baada ya kukwama bondeni mara mbili. Akalimwagia gari maji nje tu, akajiambia kesho nayo ni siku. Asubuhi, wakiteremka kilima cha kuelekea darajani, alikanyaga breki. Gari likavuta kushoto na kuendelea na safari yake.

"Dereva, punguza!" nesi alipiga kelele, amelikumbatia sanduku la chanjo.

"Hazishiki! Jishike!"

Akarudisha gia mpaka ya kwanza, injini ikalia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Likaparaza, likasimama limeinama. Hakuna chupa ya chanjo iliyopasuka, ila mkono wa nesi ulivunjika.

Shangazi alikwenda kumjulia hali, njia nzima akipanga maneno. Hata hakuwa ameketi vizuri.

"Gari lilikuwa na ubovu gani?" nesi akauliza.

"Halikuwa na ubovu, dada. Ubovu ulikuwa wangu. Sikufungua dramu."

Nesi akautazama mkono wake uliofungwa. "Basi nikipona utanionyesha zinavyofunguliwa. Sipandi tena kitu nisichokijua."

Ndivyo zilivyoanza Jumamosi zao. Bado nawaona nyuma ya zahanati, wamekalia ndoo zilizopinduliwa, redio ikikoroma dirishani. Shangazi alipiga jeki, akaweka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, akaigonga dramu kwa nyundo ya mti mpaka ikaachia. Harufu ya chuma kilicholowa ilitoka humo pamoja na maji mekundu. Waliosha kwa brashi, hawakupuliza, maana nesi alikataa katakata mtu kuvuta vumbi la breki. Kisha msasa kidogo kwenye viatu, springi zikakaguliwa moja moja, na ole wako uguse kiatu kwa mkono wenye grisi!

"Mikono safi!" nesi alifoka, kama yuko chumba cha sindano.

"Haya, daktari wa magurudumu," shangazi alijibu, nao wakacheka mpaka wagonjwa wakachungulia.

Walimaliza kwa kulizungusha gari uwanjani taratibu, wakikanyaga breki kidogo kidogo zikauke. Katika mizunguko hiyo walizungumza yote: ndoa, watoto, mama wa nesi aliyekuwa akisahau majina. Sijaona tena urafiki wa namna ile.

Gari jipya lilipoletwa, la zamani likaandikiwa kwenda kukatwa chuma chakavu. Lilikuwa limetoka bondeni juzi yake. Jumamosi ile shangazi akatoa jeki kama kawaida.

"Ya nini sasa, shoga yangu?" nesi akamuuliza. "Kesho linavutwa kwa kamba."

"Najua."

Nesi akamtazama, kisha akaenda kuchota maji. Walifungua magurudumu yote manne, wakaosha, wakapiga msasa, wakafunga. Siku hiyo hakuna aliyekumbuka kuwasha redio.