Darasa Lililompa Mwalimu Visogo

Kengele ya kipindi cha tatu imelia. Mwalimu wa hesabu anasukuma mlango wa darasa la saba kwa bega, mikono imejaa madaftari. Anasimama ghafla. Mbele yake hakuna uso hata mmoja. Visogo vitupu, sitini na viwili!

Wanafunzi wamegeuza madawati yote kuelekea ukuta wa nyuma. Wametulia kama watu wa maana, mabega tu ndiyo yanatikisika kwa kicheko.

Wenyewe walimpachika jina Mwalimu Sehemu, maana akianza kufundisha hesabu za sehemu, nusu na robo, hasikii kengele. Kwa miaka kumi na mmoja kazi hii ilikuwa raha yake. Mwaka huu imemtokea puani. Wanavuma midomo ikiwa imefumbwa, usijue umkamate nani. Wanakohoa kwa zamu, na chaki wanaficha.

"Nilikuwa nikifika getini natamani kugeuza nirudi," anasema. "Nyumbani nikawa mkali, mume wangu akinyanyuka kunywa maji namwambia, 'Wewe, kaa chini!' Na maskini anakaa."

Mumewe, fundi viatu, hakatai. "Ningefanyaje? Siku moja nilinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka."

Ndipo mwalimu alipomwomba mkuu wa shule amwondoe darasani. Akaahidiwa stoo ya vitabu: mshahara uleule, kelele hakuna. Jibu anatakiwa alitoe leo mchana.

Basi anavitazama visogo. Wote wanasubiri apayuke. Hapayuki ng'o! Anachukua chaki, anapita katikati ya madawati mpaka nyuma kabisa, kisha anageuka.

Lo! Watukutu wa dawati la mwisho sasa wako mstari wa mbele, pua kwa pua na mwalimu. Kinara wao, binti aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, anawahi kuamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Siku nyingi! Haya, nusu jumlisha robo?"

"Aa, mwalimu, mimi si nakaa nyuma!"

"Nyuma ndiyo wapi leo?"

Darasa linaangua kicheko, na mwalimu anawashinda wote, anajishika mbavu. Anaandika hesabu palepale ukutani. Redio anakosea, anafuta kwa kiganja, anakosea tena. Kisha anaandika robo tatu na kuruka juu.

"Nimepata! Mwalimu, nipe nyingine!"

Nyingine! Mwaka mzima hakuna aliyemwomba nyingine.

Mchana anaingia kwa mkuu wa shule, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Stoo mpe mwingine, mkuu."

"Wakirudia utundu je?"

"Watarudia, tena kesho. Wale ni watoto, si magunia. Mimi nataka ubao wa pili, ukuta wa nyuma."

"Na wakigeukia madirishani?"

"Nitafundisha nikiwa nje," anajibu, macho tayari yanapima kimo cha dirisha. "Ila nitafutie stuli."