Mianzi Iliyovuka Ukuta

Chipukizi la kwanza kuvuka ukuta lilitokea barazani kwa jirani yangu, pale pale anapotandika mkeka wa kuswalia. Alikuja nalo mkononi asubuhi, limechongoka kama pembe ya mbuzi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, Mwalimu. Hiki kitu ni chenu?"

Kilikuwa chetu. Mume wangu aliipanda ile mianzi tulipohamia mtaa huu wa Picha ya Ndege, ili itukinge na vumbi la barabarani. Miche aliitoa kwao Kisarawe, shambani kwa mama yake. Mwaka uliofuata mama akafariki, shamba likagawanywa, na mianzi ya kule ikafyekwa yote. Ndiyo maana kila nilipogusia habari ya kuipunguza hii yetu, alichukua redio yake akaenda kukaa uani.

Siku ile sikumwacha aende uani. Nilimpeleka kwa jirani akaone mwenyewe. Saruji ya baraza ilikuwa imepasuka na kubetuka, kipande cha ukubwa wa sinia. Bibi yule anaishi peke yake na macho yake hayaoni vizuri. Angejikwaa pale, nani angemwokota?

"Nanunua dawa ya magugu," nikasema tukirudi. "Naimwagia yote, tumalizane nayo."

"Sina kitu kingine cha mama," akajibu. Hakupandisha sauti.

Jioni nikatoka na vigingi na kamba, nikapima hatua mbili kutoka shinani, nikaizungushia mianzi yote.

"Ndani ya kamba ni ya mama yako," nikamwambia. "Nje ya kamba ni yangu, na huko sibakizi hata mzizi mmoja."

Nilianza kesho yake, nilipotoka shuleni. Nilitaka mtaro wa kunifika kiunoni. Mizizi ilikuwa imetambaa chini kwa chini, ya manjano, yenye pingili, migumu hata jembe likawa linaruka. Nikaazima sululu. Viganja vikatoa malengelenge, yakapasuka, nikafunga vitambaa. Darasani nikawa nashika chaki kwa ncha za vidole. Wapita njia waliuliza kama nachimba choo. Mume wangu alinitazama siku nne akiwa kwenye kiti chake. Siku ya tano alikuja na shoka.

"Huo huwezi kuukata ukiwa umeinama hivyo. Sogea."

Nikasogea. Tangu hapo tulichimba wawili, bila maneno mengi. Mtaro ulipokamilika tulipasua mapipa ya plastiki, tukayakunjua, tukayasimamisha ndani yake kama ukuta, kipande kikipandana na kingine, tukarudishia udongo. Juu tuliacha ukingo wa kiganja kimoja, ili mzizi utakaojaribu kuruka tuuone. Kisha tukahamia kwa jirani. Tulibomoa ile sehemu ya baraza, tukafukua mizizi mpaka ya mwisho, na mume wangu akapiga magoti kulainisha saruji mpya.

"Mmeikata yote?" bibi akauliza.

"Hapana, bibi. Nimebakiza ya marehemu mama," nikajibu.

"Basi ichunge, mwanangu. Na mimi niswali salama."

Masika ya kwanza yaliniumiza moyo. Machipukizi saba yalitokeza nje ya mapipa, kwenye mabaki ya mizizi tuliyoikosa, moja likiwa limesimama katikati ya mchicha wangu. Nilikaa chini kwenye tope, nikataka kulia. Halafu nikainuka nikaifuata mizizi ile mmoja mmoja, siku tatu, mpaka nikaitoa. Masika ya pili yalitokeza mawili tu.

Mwaka huu sijaona hata moja upande wa jirani. Hata hivyo kila Jumamosi tunazunguka mtaro, mimi na panga, mume wangu na fimbo ya kupekulia majani. Juzi yeye ndiye aliyeuona mzizi ukichungulia juu ya ukingo. Alinyoosha mkono nimpe panga, akaukata mwenyewe, kisha akaenda bombani kunawa.