Macho ya Mwewe

Jumapili iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa Nzuguni kwa shemeji nikasikia dadu ikigonga sakafu. Watoto walikuwa wanacheza ludo tu, lakini ilibidi nitoke nje kupunga upepo.

Sauti hiyo kwangu ni ya Miyuji, kwa bibi, likizo ile binamu yetu alipokuja kutoka chuo na mchezo wa vita vya kusimulia. Yeye alisimulia, mimi na dada yangu tukawa mashujaa, na dadu ndiyo iliyoamua nani kapiga na nani kapigwa. Uwanja wa vita ulikuwa boksi lililokunjuliwa. Mashujaa walikuwa vizibo vya soda, na fisi tuliopigana nao walikuwa karanga, ambazo mara nyingi tulizila kabla vita havijaisha. Bibi alikaa pembeni akipepeta uwele, akiguna kwamba tunapoteza muda.

Shujaa wa dada alikuwa na mwewe. Alichokiona mwewe, naye alikiona. Nilimwonea wivu sana.

Siku moja mchawi alimmwagia shujaa wangu majivu, akapofuka. Binamu alikuwa mkali: ukipofuka unafungwa kanga usoni, na humuulizi msimulizi kitu. Dada angeweza kuniazima macho ya mwewe, mradi anishike mkono na kunielekeza fisi walipo. Ila nikiumia mimi, naye kaumia.

“Dada, wako wapi?”

Akanivuta mkono huku, akanivuta kule.

“Kushoto,” akasema mwishowe.

Nikapiga kushoto. Binamu akacheka hadi akapaliwa. Kushoto hapakuwa na kitu.

“Unaniua makusudi!” Nikaivua kanga kwa hasira, nikamkuta dada ameinama, pua karibu iguse boksi, anazitafuta karanga kwa kidole.

Bibi akaweka ungo chini. “Mjukuu wangu, hizo karanga huzioni?”

“Naziona, bibi.”

Kumbe dada alikuwa haoni vizuri, akituficha siku nyingi, akiogopa kuachishwa shule. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kungoja upasuaji kulinitesa. Mlenda wa bibi, mboga niliyokuwa nikiigombania, ulipoa mbele yangu. Nilijaribu kutembea uani nimefumba macho, nikajigonga kwenye pipa la maji, nikakaa chini nikaogopa kweli. Dada alipofunguliwa bandeji, daktari alimuuliza anaona nini.

“Namwona mdogo wangu analia,” akasema.

Bibi hayupo tena, nyumba imeuzwa, na binamu kawa mtu wa ofisini asiye na hadithi. Dada anafundisha mbali, huko Haneti. Kila nikimpigia namuuliza macho yanaendeleaje. “Naona vizuri, we naye! Acha woga.” Halafu ananiuliza habari za watoto, haraka haraka. Mchezo naukumbuka, na bibi namkumbuka zaidi, lakini ninachokikosa kuliko vyote ni kukaa na dada karibu kiasi cha kumkamata akidanganya.